Pampu haikimbii, lakini Mwingereza anasema inakimbia

Mwaka jana tulifunga pampu ya maji uani, ile ndogo ya kupandisha maji kutoka tangi la chini kwenda simtanki la juu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo kwa lugha sita, Kiswahili kikiwa cha mwisho. Karibu na alama ya hatari paliandikwa hivi: "Usikimbie pampu kavu."

Mpwa wangu alisoma kwa sauti, akacheka. "Mjomba, pampu kavu ina nini mpaka mtu aikimbie?"

Fundi alikuwa amechuchumaa anakaza koki. Hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, labda wanatutia moyo tu. Tusiiogope."

Niligeuza upande wa Kiingereza nikakuta "Do not run the pump dry". Maana yake ni kwamba usiwashe pampu wakati haina maji. Maji yanayopita ndani ndiyo yanayoipoza sili, ile pete inayozuia maji yasivuje. Ikizunguka kavu sili inaungua, na baada ya hapo pampu inavuja mpaka uibadilishe. Ni onyo la maana kabisa, na katika safari yake ya kuja Kiswahili limegeuka kuwa wosia wa ushujaa.

Ni rahisi kumlaumu aliyetafsiri, au mashine iliyotafsiri, maana mtu anayejua Kiswahili asingeandika vile. Lakini neno lililomwangusha si neno la mchezo. Oxford English Dictionary, ile kamusi kubwa ya Kiingereza, katika toleo lake la pili la mwaka 1989 bingwa wa maana nyingi alikuwa kitenzi "set": maana 430, zikielezwa kwa maneno yapatayo 60,000. Hicho ni kitabu kizima kuhusu herufi tatu. Wahariri walipoanza kuandika upya kamusi hiyo kwa toleo la tatu, "run" ikampita "set". Mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo miezi tisa, muda wa mimba kamili, akatoka na maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake.

Idadi hiyo isikutishe sana, maana maana za neno hazihesabiki kama maembe kwenye fungu. Mtu kukimbia na farasi kukimbia, ni maana moja au mbili? Na maji ya mto na machozi ya shavuni, je? Mhariri mmoja atayaweka pamoja, mwingine atayatenganisha, na wote wawili watakuwa na hoja. Kamusi ya Oxford tangu ilipoanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1884, chini ya mhariri James Murray, ina tabia ya kutenganisha: hukusanya mifano ya matumizi kutoka karne hadi karne, huipanga kwenye mafungu, na kila fungu linalosimama peke yake hupewa namba. Kamusi ya mfukoni itakupa "run" kwa maana ishirini na kidogo, na Mwingereza ataishi nayo maisha yake yote bila shida.

Hata hivyo kuna jambo la kweli linalohitaji maelezo. Kwa nini neno hili na si jingine, na kwa nini hatuna neno la Kiswahili la kukaa mahali pake pote?

Sehemu ya jibu iko kwenye kitu ambacho Kiswahili kinacho na Kiingereza kilikipoteza. Sisi tuna kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana. Mzizi mmoja, mkia tofauti, na mkia ndio unaokwambia nani anamfanya nani afanye nini. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, nacho kilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Kulikuwa na kitenzi "rinnan", ambacho kilitamkwa pia "irnan", cha kukimbia au kutiririka wewe mwenyewe. Na kulikuwa na ndugu yake, "ærnan", cha kukifanya kingine kikimbie, hasa farasi. Yaani kimbia na kimbiza. Karne zilivyopita matamshi yakasagika, mikia ikakatika, ndugu wawili wakawa na sura moja, na hatimaye wakawa neno moja. Wajerumani bado wanao wawili: "rinnen" ni kutiririka, "rennen" ni kukimbia, na huyu wa pili kwa asili ndiye aliyekuwa wa kukimbiza.

Kwa hiyo Mwingereza wa leo anasema "I run" akiwa anakimbia, na "I run the machine" akiwa anaiendesha, na umbo halibadiliki hata herufi moja. Ukijaribu hivyo kwa Kiswahili, ukisema "nakimbia mashine", umeitoroka. Hapo ndipo mfasiri wa pampu alipotumbukia: aliona neno, akachukua maana ya kwanza kwenye orodha, akasahau kwamba Kiswahili hudai kujua nani anamwendesha nani.

Neno letu linaloikaribia "run" zaidi, kwa kweli, wala si kimbia. Ni enda, pamoja na mwanawe endesha. Barabara "inakwenda" Arusha ingawa haijasogea hata hatua tangu ilipowekwa lami, na kwa Kiingereza barabara hiyo hiyo "inakimbia". Saa inakwenda. Mambo yanakwenda. Na unaendesha gari, duka, kesi, mkutano, kampeni, semina. Karibu kila mahali Mwingereza angeweka "run". Lugha mbili zisizo na udugu wowote zilianza na miguu na zikaishia kwenye ofisi ya meneja. Zimekutana hata pale ambapo watu hupunguza sauti: mtoto tumbo likimsumbua, sisi tunasema anaendesha, na Waingereza wanasema ana "the runs".

Tofauti ni kwamba enda hupenda utulivu, na "run" ina haraka ndani yake. Haraka hiyo ilikuja kupata soko kubwa zama za viwanda. Reli ya Liverpool hadi Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, treni zake za mvuke zikifuata ratiba, Kiingereza kilihitaji neno la kitu kinachokwenda kwa nguvu zake, kwa mwendo usiokatika, bila mtu kukisukuma. "Run" ilikuwa tayari ina maana ya mto unaotiririka bila kuchoka, ikahamia kwenye magurudumu bila taabu. Baadaye ikaingia kwenye injini ya petroli, kwenye mota ya umeme, na hatimaye kwenye programu ya kompyuta, ambayo haina miguu, magurudumu wala maji. Kila kitu kilichovumbuliwa na kikawa na swichi ya kuwasha kilimwongezea neno hili maana nyingine.

Nguo nayo haikuachwa. Kanga nyekundu mpya ikifuliwa beseni moja na shuka jeupe, Mwingereza atakwambia rangi "imekimbia". Sisi tunasema imechuja, na shuka tunalipokea tu kama lilivyo, la waridi.

Tazama pia uchaguzi. Marekani mgombea "anakimbilia" urais, na neno ni "run". Uingereza, kwa desturi, mgombea "anasimama", yaani "stand". Bahari moja katikati, lugha moja, mmoja anatimka na mwenzake amesimama wima, na wote wanatafuta kura zile zile. Mswahili anagombea, na gombea inatoka kwenye gomba, ugomvi. Nani kati ya hao watatu ameuelezea uchaguzi kwa usahihi zaidi, nawaachia wasomaji waliowahi kuhudhuria mkutano wa kura za maoni. Siku hizi magazeti yetu yameanza kuandika "mbio za urais" na "mbio za ubunge". Nadhani huo ni upepo wa Kiingereza, ingawa siuchukii, maana mbio zina jasho na anayeachwa nyuma huonekana na kila mtu.

Halafu kuna mahali ambapo "run" imebaki jina wakati kukimbia kwenyewe hakupo tena. Septemba 2007 huko Uingereza wateja wa benki ya Northern Rock walisikia imeomba msaada Benki Kuu, wakaenda kuchukua akiba zao. Habari za siku hizo ziliita tukio hilo "bank run". Ukitazama picha zenyewe unaona wazee na akina mama wamepanga foleni barabarani, wengine wamekuja na viti vya kukunja. Kinachokimbia hapo ni fedha.

Kriketi imekwenda mbali zaidi. Pointi ya kriketi ni "run", nasi tumeipokea kama mkimbio, kwa sababu ya asili wapigaji wawili hukimbia kubadilishana ncha za uwanja, na kila wakivuka salama wanahesabiwa mmoja. Lakini ukiupiga mpira ukaviringika mpaka mpakani unapewa mikimbio minne, na ukivuka mpaka hewani bila kugusa chini unapewa sita, hata kama hukuinua unyayo. Februari 29, 1996, mjini Pune nchini India, Kenya iliishangaza dunia kwa kuifunga West Indies katika Kombe la Dunia: mikimbio 166 kwa 93. Ukilichukua neno kwa maana ya miguu huwezi kuelewa timu hiyo ilifanya nini siku ile. Ukilichukua kama hesabu tu, unaelewa mara moja.

Ndiyo maana nasema tatizo halimalizwi kwa kukariri orodha ya maana. "Run" imetawanyika kama mti wa mwembe: shina ni miguu, tawi moja likawa maji, kwenye maji pakachipua mashine, kwenye mashine pakachipua usimamizi. Ukisimama kwenye kikonyo cha mwisho huoni shina, lakini kila kikonyo kimeshikana na kinachokitangulia. Kimbia yetu nayo ina matawi, ila yameelekea upande mwingine kabisa: upande wa hatari. Ukiambiwa "jirani amekimbia", hufikirii mazoezi ya asubuhi, unauliza ana deni la nani. Mkimbizi si mwanariadha. Kimbilio si uwanja wa michezo. Unapoiweka kimbia mahali pa "run", hata kama umbo limekaa sawa, umeingiza hofu ambayo Mwingereza hakuwa nayo. Onyo la pampu lilituchekesha kwa sababu hiyo hasa. Tulimwona mtu akitimka uani mbele ya pampu. Tunayo kimbiza moja isiyo na hofu, ya wakimbiza Mwenge, na hao nao sehemu kubwa ya njia wanapanda magari.

Kabla hatujamcheka Mwingereza zaidi, tumkaribishe kwetu asubuhi moja. Anaamka, anaambiwa apige mswaki. Shati lake linapigwa pasi. Nje mtu anapiga deki, mwingine mlangoni anapiga hodi, dereva barabarani anapiga honi. Rafiki yake anapiga simu kumwambia wakapige picha. Mchana mtu anapiga miayo, jioni wazee wanapiga soga na vijana wawili watatu wanapiga maji, ambayo si maji. Mwaka wa uchaguzi taifa zima linapiga kura. Kutwa nzima ni kupiga, na hakuna aliyeumia. Mgeni aliyefundishwa kwamba piga ni kuchapa atadhani ameingia nchi ya vita.

Je, hizo ni maana ngapi? Kuna kipimo ninachokipenda, na Kiswahili kinacho cha kwake. Jaribu kuunganisha vitendo viwili chini ya kitenzi kimoja kwa "na". Ukisema "alinunua mkate na maziwa", kitenzi kimebeba vyote bila kulalamika. Sasa sema "alipiga picha na simu". Hakuna anayesikia vitendo viwili hapo; kila mtu anasikia kwamba simu ndiyo iliyopigiwa picha. Ukitaka viwili lazima urudie: alipiga picha, akapiga simu. Kitenzi kinakataa kubeba mizigo miwili ya aina tofauti kwa mkono mmoja, na kukataa huko ni dalili kwamba ndani ya masikio yetu piga ya picha na piga ya simu zimeshaachana. Kiingereza nacho hucheka ukisema mtu "ana-run" hoteli na marathoni kwa pumzi moja.

Ukizichunguza piga hizo, hazijatupwa ovyo. Kuna zinazogongwa kweli: ngoma, kengele, mlango. Kuna vifaa vinavyopelekwa mbele na nyuma kwa mkono: pasi, mswaki, brashi, deki. Kuna milipuko ya mwilini isiyosubiri ruhusa: chafya, miayo, kelele. Na kuna vinavyorushwa kwenda mbali: risasi, bomu. Simu leo inaonekana haina cha kupigwa, lakini kumbuka kwamba kabla ya simu ya kuongea kulikuwa na simu ya maandishi, na karani wake aliituma kwa kugongagonga kitufe kwa kidole, ti-ti-ti. Kifaa kimebadilika mara tatu au nne, kitenzi kimebaki pale pale. Katika nyingi ya hizo, piga yenyewe imekuwa mpini tu. Jembe ni jina linalofuata.

Kwa "run" jembe linakaa kwenye maneno madogo yanayoifuata. "Run out" ni kuishiwa. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga ukuta. "Run over" ni kumkanyaga kwa gari. Mwanafunzi wa Kiswahili huhangaika na viambishi vya ndani ya kitenzi, na wa Kiingereza huhangaika na vijineno vya nje yake. Kazi ni ile ile, imehamishwa chumba.

Tuweke kando jamii nyingine ya maneno isije ikatuchanganya, yale yanayofanana kwa bahati. Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba si matawi ya mti mmoja, na kamusi huyapa kila moja mlango wake. Mbuzi wa malishoni na mbuzi ya kukunia nazi, hao ni habari nyingine: mtu aliwahi kukitazama kigoda kile, miguu yake, shingo ya chuma iliyotokeza mbele na meno yake mwishoni, akaona mnyama. Ngeli ndiyo iliyobadilika njiani. "Run" ni ya kundi la mbuzi.

Basi msomaji, au mashine, anajuaje ni tawi lipi? Mwaka 1949 mwanahisabati wa Marekani, Warren Weaver, aliandika waraka kuhusu kutafsiri kwa mashine, na ndani yake akaweka mfano ambao unaweza kuujaribu sasa hivi. Chukua karatasi ngumu, itoboe tundu linalotosha neno moja tu, iweke juu ya gazeti. Neno linaloonekana tunduni huwezi kujua lina maana gani. Panua tundu lionyeshe neno moja kushoto na moja kulia, kisha mawili, kisha matatu. Mahali fulani shaka inaisha.

Nilifanya hivyo na kata. Peke yake: kata? Inaweza kuwa amri ya mwenye kisu, eneo la diwani, au kibuyu cha kuchotea maji. Nikapanua kidogo: "kata ya". Kisu kimeondoka. Nikapanua tena: "diwani wa kata ya". Kibuyu nacho kimekwenda zake. Mwanaisimu Mwingereza, J. R. Firth, aliliweka hilo kwa sentensi moja mwaka 1957, kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Mashine za kutafsiri za leo zimejengwa juu ya wazo la aina hiyo, tena kwa tundu lililopanuliwa mno. Lakini upana wa tundu hautoshi kila mara. Yehoshua Bar-Hillel, mtafiti wa tafsiri ya mashine, alilalamika mwaka 1960 kwamba sentensi fupi kama "the box was in the pen" inataka ujue boksi la kuchezea haliingii ndani ya kalamu, kwa hiyo "pen" hapo ni kizimba cha mtoto. Ujuzi huo hauko kwenye maneno ya jirani. Uko kwenye kuwahi kushika boksi na kalamu.

Karatasi ya pampu ilikuwa na majirani wa kutosha: "pump" kulia, "dry" mwisho. Aliyewahi kusikia pampu ikizunguka bila maji, ule mlio mkavu wa kusaga meno, asingehitaji kamusi.

Tulikata kipande cha boksi, mpwa wangu akachukua kalamu ya wino mzito. Alitaka kuandika "Usiwashe pampu bila maji". Fundi akamwambia ageuze, maana mtu aliye mbioni kuwasha husoma neno la kwanza tu. Kikabandikwa juu ya swichi: BILA MAJI USIWASHE. Kisha fundi akajaza maji kwenye mdomo wa pampu, akafunga kifuniko, akawasha, akatega sikio kama daktari.

"Haya mwalimu," akasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Sasa inapiga kazi."